Windows 10 imefikia ukomo: Kompyuta kuukuu za vijijini zitaendeshwa na nini?

MWESE ni kata iliyo katika nyanda za juu, magharibi mwa mji wa Mpanda mkoani Katavi, upande ambao ardhi hupanda kabla ya kuteremka kuelekea Ziwa Tanganyika. Katika miaka ya 1960 wakimbizi kutoka Rwanda walipewa makazi huko. Leo kijiji cha Mwese ni kimoja kati ya vijiji vinane vya Wilaya ya Tanganyika vinavyopata mapato kutokana na mradi wa hewa ukaa wa misitu ya milima ya Ntakata.

Fedha zinapoingia kijijini huja pamoja na karatasi. Mihtasari ya vikao, hesabu za ujenzi wa madarasa, orodha za wanafunzi na taarifa za zahanati, yote hayo siku hizi yanatakiwa yachapwe na mengine yatumwe kwa njia ya mtandao. Mfumo wa FFARS hupokea hesabu za vituo vya huduma, PReM ya Baraza la Mitihani huhifadhi taarifa za wanafunzi wa shule za msingi, na NeST imekuwa mlango wa manunuzi ya umma tangu mwaka 2023. Mifumo hiyo yote hufunguliwa kwa kivinjari cha kompyuta.

Kompyuta zinazofika katika maeneo kama hayo ni nadra kuwa mpya. Nyingine zimeshatumika miaka kadhaa katika ofisi za mijini kabla ya kuhamishwa, nyingine ni za msaada, na nyingine zimenunuliwa zikiwa mitumba kutoka maduka ya Kariakoo, jijini Dar es Salaam. Nyingi zina mfumo endeshi wa Windows 10 au hata Windows 7.

Oktoba 14, 2025, kampuni ya Microsoft ya Marekani ilisitisha huduma ya kawaida kwa Windows 10, mfumo iliouzindua Julai 29, 2015. Kabla yake Windows XP ilifikia ukomo Aprili 8, 2014, na Windows 7 ikafuata Januari 14, 2020. Kampuni ya utafiti ya Canalys ilikadiria mwishoni mwa mwaka 2023 kwamba kompyuta zipatazo milioni 240 duniani zingeweza kupoteza thamani kwa sababu ya ukomo huo.

Ukomo maana yake nini?

Kompyuta haizimiki siku ya ukomo inapofika. Huwaka asubuhi kama ilivyowaka jana yake, na hapo ndipo watu wengi hujidanganya. Kinachokoma ni masasisho ya usalama, yaani marekebisho ya matundu yanayogunduliwa kila mwezi katika mfumo. Matundu mapya yataendelea kugunduliwa, lakini hakuna atakayeyaziba.

Mwaka 2017 dunia ilionja matokeo yake. Kirusi cha WannaCry, kilichofunga mafaili na kudai fidia, kilienea mwezi Mei mwaka huo katika kompyuta ambazo hazikuwa zimewekewa sasisho lililokwisha kutolewa miezi miwili kabla. Hospitali za Uingereza zililazimika kuahirisha huduma kwa wagonjwa.

Kwa ofisi ya kijiji, hatari iliyo karibu zaidi huja na flashi iliyotoka kuchomekwa katika kompyuta ya steshenari mjini. Hapo ndipo virusi hubadilishana mikono, kuliko hata kwenye intaneti.

Dalili ya pili ya uzee huonekana kwenye kivinjari. Chrome iliacha kutoa matoleo mapya kwa Windows 7 na 8.1 baada ya toleo la 109 la mwezi Januari 2023. Tovuti nazo hubadilika, na kivinjari kilichobaki nyuma huanza kuonyesha kurasa nusu, vitufe visivyobonyezeka, kisha ujumbe kwamba muunganisho si salama. Mhasibu hudhani mtandao ni dhaifu, akanunua bando jingine.

Mlango wa Windows 11 na masharti yake

Jibu la Microsoft kwa wenye Windows 10 ni kuhamia Windows 11, iliyotoka Oktoba 5, 2021. Mfumo huo hutolewa bure kwa mwenye leseni halali ya Windows 10, ila si kila kompyuta inakubaliwa. Inatakiwa prosesa ya biti 64, kumbukumbu ya RAM isiyopungua gigabaiti 4, nafasi ya gigabaiti 64 kwenye diski, uwashaji wa kisasa wa UEFI na chipu ya usalama iitwayo TPM toleo la 2.0.

Sharti linaloziangusha kompyuta nyingi ni la prosesa. Kwa upande wa Intel, orodha inayokubalika huanzia, isipokuwa chache, kizazi cha 8 cha Core, kilichotoka mwaka 2017. Mashine ya Core i5 ya kizazi cha 4, ambayo bado huchapa barua na kufungua tovuti bila kusuasua, huachwa nje.

Wapo mafundi wanaoliruka sharti hilo. Programu ya bure iitwayo Rufus, inayotumika kutengeneza flashi ya kuwekea mfumo, inaweza kuondoa ukaguzi wa TPM na RAM, na Windows 11 ikaingia kwenye mashine isiyokubalika. Njia hiyo hufanya kazi, lakini Microsoft inasema wazi kuwa mashine za namna hiyo hazina haki ya kudai masasisho. Leo yanakuja, kesho huenda yasije.

Zaidi ya hapo kuna ukuta usiorukika. Tangu toleo la 24H2 la mwaka 2024, Windows 11 hudai maagizo fulani ya prosesa, yakiwamo yale ya SSE4.2. Prosesa za Core 2 Duo, ambazo zimo katika Dell OptiPlex 755 na 780 na ndugu zake wa HP waliojaa katika maduka ya mitumba, hazina maagizo hayo. Mfumo huo hauwaki kabisa, hata fundi awe hodari kiasi gani. Mnunuzi anayeambiwa dukani kuwa kompyuta ya aina hiyo "imewekwa Windows 11" hana budi kuuliza ni toleo lipi.

Kwa asiyetaka kuhama mara moja, Microsoft ilifungua mwaka 2025 mpango wa kuongeza muda wa masasisho ya usalama ya Windows 10 kwa watumiaji binafsi hadi Oktoba 13, 2026. Malipo yalipangwa kuwa dola 30 za Marekani, au bila malipo kwa anayekubali kuhifadhi mipangilio ya kompyuta yake katika akaunti ya Microsoft. Sharti ni kuwa na Windows 10 toleo la 22H2.

Taasisi za elimu zilitengewa bei nyingine: dola 1 kwa kompyuta mwaka wa kwanza, dola 2 wa pili na dola 4 wa tatu, kupitia leseni za jumla. Bei hiyo ni ndogo kuliko chaki za muhula, lakini inahitaji shule yenye leseni halali, na inajulikana wazi kwamba Windows nyingi zilizowekwa mitaani ni za kunakili. Kwenye nakala ya namna hiyo mara nyingi fundi huwa amezima masasisho makusudi ili isigundulike. Kompyuta hiyo haikuwa na ulinzi hata kabla ya Oktoba 2025.

Njia ya Linux

Njia iliyobaki, na kwa mashine nyingi kuukuu ndiyo yenye maana zaidi, ni mfumo endeshi wa Linux. Kiini chake kilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Finland. Haulipiwi, na hutolewa katika matoleo mengi yanayotengenezwa na watu na mashirika tofauti.

Kwa anayetoka Windows, Linux Mint yenye muonekano wa Xfce ndiyo hufanana zaidi na alichozoea: kuna kitufe cha menyu chini kushoto, saa chini kulia, na mafaili hufunguliwa kwa kubofya mara mbili. Mint 22 ilipangiwa masasisho hadi mwaka 2029. Watengenezaji wake wanataja RAM ya gigabaiti 2 kuwa kiwango cha chini na gigabaiti 4 kuwa cha kufanyia kazi kwa raha. Lubuntu ni nyepesi zaidi, na kwa mashine iliyochoka kabisa wapo antiX na Puppy Linux.

Hapa pana jambo la kuangalia kwanza, nalo ni kama prosesa ni ya biti 32 au 64. Mint ya kawaida iliacha biti 32 tangu toleo la 20 la mwaka 2020. Debian, ambayo ni mama wa matoleo mengi ya Linux, iliwaachia wenye biti 32 toleo la 12 la mwaka 2023. Debian 13 ya Agosti 2025 haina tena kisakinishi chao. Kompyuta za Pentium 4 za mwanzo zimo katika kundi hilo. Kwa Core 2 Duo hakuna wasiwasi, kwa kuwa ni za biti 64.

ChromeOS Flex ya Google nayo ni ya bure na huwekwa kwenye kompyuta kuukuu, ila imejengwa kwa mtu ambaye intaneti yake haikatiki. Mahali ambapo mawasiliano hutegemea upande wa kilima uliosimama, haifai.

Sifa kubwa ya Linux kwa mwenye mashaka ni kwamba huonjwa kabla ya kuwekwa. Kompyuta huwashwa kutoka kwenye flashi, mfumo ukafanya kazi ndani ya RAM bila kugusa diski, na mtumiaji akajaribu sauti, mtandao, kibodi na printa. Isipopendeza, flashi inachomolewa na Windows ya zamani inarudi ilivyokuwa. Kwenye Dell orodha ya kuchagua flashi hufunguliwa kwa kubonyeza F12 mashine inapowaka, na kwenye HP nyingi ni F9.

Faili la Mint lina ukubwa wa takriban gigabaiti 3. Kulipakua kwa bando la simu kijijini ni kuchoma fedha. Lipakuliwe Mpanda mjini, lihakikiwe kwa namba yake ya ukaguzi, kisha lisafirishwe kwenye flashi ya gigabaiti 8. Flashi hiyo moja inatosha kompyuta zote za shule.

Kabla ya kitufe cha kusakinisha kubonyezwa, mafaili yote yanakiliwe kwenye diski ya nje, na nakala hiyo ifunguliwe kwenye kompyuta nyingine kuthibitisha kuwa inasomeka. Kisakinishi huuliza kama mfumo mpya ukae pembeni ya Windows au ufute kila kitu. Swali hilo hujibiwa kwa bofyo moja, na orodha ya matokeo ya miaka 5 inaweza kupotea katika bofyo hilo. Panapokuwa na kompyuta moja tu ya ofisi nzima, ni heri diski ya zamani itolewe, iwekwe kabatini jinsi ilivyo, na mfumo mpya uwekwe kwenye diski nyingine.

Diski kwanza, mfumo baadaye

Lawama nyingi zinazotupiwa mfumo endeshi ni za diski. Diski kuu ya zamani ina sahani inayozunguka na mkono unaosoma, na kila programu inapofunguliwa mkono huo huhangaika huku na huko. Diski ya SSD haina kinachozunguka. Kompyuta ya mwaka 2010 iliyokuwa ikichukua dakika kadhaa kuwaka huweza kuwaka chini ya dakika moja baada ya kubadilishiwa diski tu. Tundu la SATA lililomo katika mashine hizo hupokea SSD ya kisasa bila kifaa cha ziada, na SSD ya gigabaiti 120 inatosha kwa kazi za ofisi.

RAM inafuata. Kompyuta za mezani za miaka ya 2007 na 2008 nyingi hutumia aina ya DDR2, ambayo sasa ni adimu. Zilizofuata hutumia DDR3, inayopatikana kwa wingi katika mitumba. Aina hizo haziingiliani, na RAM ya kompyuta mpakato ni fupi kuliko ya mezani. Anayemwagiza dereva wa basi amletee RAM kutoka mjini ni vyema amkabidhi ile ya zamani akaifananishe dukani.

Isitarajiwe kwamba Linux itafanya miujiza katika kivinjari. Ukurasa mmoja wa tovuti za leo huweza kula mamia ya megabaiti za RAM, iwe ni kwenye Windows au kwingineko. Mashine ya gigabaiti 2 itafungua kurasa mbili au tatu, si ishirini.

Umeme nao huamua mambo. Mpanda yenyewe kwa miaka mingi ilitegemea mitambo ya jenereta, nje ya gridi ya taifa, na vijijini kwingi umeme wa jua ndio uliotangulia. Kompyuta ya mezani na skrini yake hula wati nyingi kuliko kompyuta mpakato, na haina betri ya kuiokoa umeme unapokatika katikati ya usakinishaji. Shule kadhaa za sekondari wilayani Karatu, mkoani Arusha, zilipata kupitia shirika la Powering Potential maabara zinazotumia umeme wa jua na kompyuta ndogo za Raspberry Pi, ambazo nazo huendeshwa na Linux. Kwa ofisi yenye paneli moja, mpakato wa mtumba ni chaguo la busara kuliko mashine ya mezani yenye nguvu zaidi.

Panapokwama

Printa ndiyo huleta ugomvi wa kwanza. Nyingi za HP hutambuliwa na Linux mara moja. Baadhi ya printa ndogo za leza za Canon, kama LBP2900 iliyoenea sana katika steshenari, hutumia lugha yao wenyewe na huhitaji kazi ya ziada, ambayo pengine haizai matunda. Mwenye printa ya namna hiyo aijaribu wakati bado mfumo uko kwenye flashi, la sivyo atajikuta na kompyuta nyepesi isiyoweza kutoa barua.

Tatizo la pili ni mwandiko. Linux haiji na Times New Roman ya Microsoft. Programu ya LibreOffice, inayofungua nyaraka za Word, huweka mahali pake mwandiko wa Liberation Serif wenye vipimo sawa, kwa hiyo barua ya kawaida hukaa sawasawa. Lakini mtihani wenye majedwali, michoro na milinganyo ya hesabu unaweza kusogea, swali la 7 likaangukia ukurasa wa pili. Mwalimu anayepeleka mtihani kuchapwa mjini aupeleke ukiwa umehifadhiwa kama PDF.

Programu za uhasibu zilizotengenezwa kwa ajili ya Windows pekee, kama QuickBooks ya kompyuta, hazikai kwenye Linux. Mifumo ya kiserikali inayofunguliwa kwa kivinjari haina shida hiyo, mradi kivinjari ni kipya. Kadi za mtandao wa wifi za Broadcom hudai programu ya nyongeza, na ili kuipata unahitaji mtandao ambao kadi hiyo haijaweza kuuleta. Waya wa simu hutatua kitendawili hicho: simu huunganishwa kwenye kompyuta na kugawa bando lake.

Kuna hitilafu moja ndogo inayowapotezea watu siku nzima. Ndani ya kompyuta mna betri bapa kama sarafu, aina ya CR2032, inayoitunza saa mashine ikiwa imezimwa. Ikifa, kompyuta huamka ikidhani ni miaka mingi iliyopita. Kwa kuwa vyeti vya usalama vya tovuti vina tarehe ya kuanza na ya kuisha, kivinjari hukataa karibu tovuti zote. Mfumo mpya hubebeshwa lawama, hata ukaondolewa, kumbe ni betri inayouzwa katika maduka ya saa.

Kiswahili nacho kilishapita huku

Wazo la kuendesha kompyuta kwa programu huria si geni nchini. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, uliowahusisha wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao wa Sweden, ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zenye menyu za Kiswahili. Ilikuwa ni miaka 30 tu tangu Serikali ilipopiga marufuku, mwaka 1974, uingizaji wa kompyuta kutoka nje. Microsoft nayo ilitoa vifurushi vya Kiswahili kwa bidhaa zake. Jambo OpenOffice haikuenea ilivyotarajiwa, na walimu wengi waliendelea kujifunza kwa menyu za Kiingereza za Windows. Ugumu wa kuhamia Linux leo umetokana na mazoea hayo kuliko na mfumo wenyewe.

Ndiyo maana shule inayobadilisha kompyuta 10 kwa siku moja hujitafutia matatizo. Ibadilishwe moja, itumiwe na mwalimu mwenye subira kwa muhula mmoja, na kasoro zake ziandikwe kwenye daftari. Fundi wa karibu anaweza kuwa Mpanda, na huenda naye anaijua Windows tu.

Zipo mashine ambazo hazistahili jasho hilo. Kompyuta ya biti 32 yenye RAM ya megabaiti 512 inaweza kuwashwa kwa antiX na kuchapa barua, lakini tovuti za kazi haitazifungua. Tanzania ina kanuni za taka za kielektroniki za mwaka 2021, na mabaki ya namna hiyo hayatakiwi kuchomwa nyuma ya ofisi pamoja na majani, kwa kuwa yana risasi na madini mengine yenye sumu. RAM, feni na kifaa cha umeme vinaweza kuokolewa kwa ajili ya mashine nyingine. Diski ifutwe kwa programu maalumu au itobolewe kwa keekee kabla haijatoka mikononi mwa ofisi, kwani kufuta mafaili kwa kibodi huyaacha yakiweza kurejeshwa, na kwenye diski ya zahanati mna majina ya wagonjwa.